Kikundi cha Python Chuoni: Cha Kwanza Nilikiua Mwenyewe



Ndugu na dada zangu, wahariri wameniomba niandike somo kuhusu namna ya kuendesha kikundi cha watumiaji wa lugha ya programu hapa chuoni kwetu Bujumbura. Nadhani wamenifuata mimi kwa sababu kikundi cha Python kinakutana kila Jumamosi na watu wanakiona. Wengi mliojiunga na chuo karibuni hamjui kwamba hiki ni cha pili. Cha kwanza nilikianzisha mimi, na nikakiua mimi mwenyewe kwa wiki saba. Nitaanza na hicho.

Siku ya kwanza walikuja watu 41. Nilikuwa nimepewa ukumbi na projekta, nikasimama mbele saa mbili nzima nikieleza historia ya Python: kwamba Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991, kwamba jina halikutokana na nyoka bali na kundi la wachekeshaji wa Uingereza liitwalo Monty Python, kwamba Python 2 ilikoma kutunzwa tarehe 1 Januari 2020. Yote hayo ni kweli. Hakuna hata mmoja aliyeandika mstari wa programu siku ile. Wiki ya pili nikaeleza aina za data, na umeme ukakatika katikati ya slaidi. Wiki ya nne walikuja sita. Ya saba tulikuwa wawili, mimi na delege wa darasa letu, naye nadhani alikuja kwa kunionea huruma.

Kosa la kuhutubia lilikuwa moja. La pili lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa liligusa haki za watu. Tulikuwa tumechanga fedha za kununua kifaa cha intaneti na vocha. Hesabu niliiweka kichwani. Akaunti ya barua pepe ya kikundi, akaunti ya GitHub tulikohifadhi mazoezi, na kundi la WhatsApp, vyote vilikuwa kwenye simu yangu peke yangu. Simu ikaibiwa sokoni. Ndugu mmoja aliponiuliza kwa upole zimebaki faranga ngapi, nilitaja kiasi, naye akataja kingine, na hakuna karatasi iliyoweza kutuamua. Hakunituhumu. Lakini tangu siku ile nilijua kwamba sisi tunaosoma habari za amana kila Ijumaa, mimi nilishindwa amana ya faranga za vocha. Nililipa tofauti ile kutoka mfukoni, kikundi kikafa, na sikugusa jambo hilo kwa mwaka mzima.

Aliyekifufua hakuwa mimi. Alikuwa dada mmoja wa fakulte ya Sheria. Alinifuata baada ya darasa akauliza kama kompyuta inaweza kugawa mirathi. Nikamjibu inaweza. Akasema, "Kaka, basi nionyeshe, usinieleze."

Tulianza upya watu wanane, kwa sharti kwamba hakuna atakayezungumza zaidi ya dakika kumi kabla wengine hawajaandika kitu. Sharti hilo bado lipo, na mweka muda ana ruhusa ya kumkatiza hata mwalimu wa chuo akija.

Nieleze zoezi lile la mirathi kwa urefu, kwa sababu ndilo lililotufundisha namna ya kupanga kikao. Sitaanza na al-Khwarizmi na asili ya neno algorithimu kama kila mhadhara wa Waislamu na sayansi unavyoanza. Nitataja hili moja tu: kitabu chake cha al-jabr kina sehemu kubwa inayohusu wasia na mirathi. Kwa hiyo tulichokuwa tunafanya hakikuwa kigeni hata kidogo.

Tuliandika kwanza hivi: mume ana nusu, kwa mujibu wa Suratun-Nisaa aya ya 12, marehemu akiwa hana mtoto, na dada wawili wa baba na mama wana theluthi mbili, aya ya 176. Mwanafunzi wa Informatiki akaandika 1/2 + 2/3, kompyuta ikatoa 1.16 na mkia mrefu wa tarakimu. Hapo tukapata masomo mawili kwa mpigo.

La kwanza ni la kompyuta. Python huhifadhi namba za desimali kwa mfumo wa jozi, na sehemu nyingi haziingii humo kikamilifu. Jaribu mwenyewe kuandika 0.1 + 0.2, utaletewa 0.30000000000000004. Katika mchezo haidhuru, lakini katika mali ya yatima inadhuru. Dawa yake imo ndani ya Python yenyewe:

from fractions import Fraction
mume = Fraction(1, 2)
dada = Fraction(2, 3)
print(mume + dada)

Jibu ni 7/6, bila mkia.

La pili ni la fiqhi. Saba ya sita ni zaidi ya mali yote. Ndugu wa Informatiki akadhani amekosea kuandika, akafuta, akaandika tena, jibu likawa lile lile. Dada wa Sheria akacheka. Akatueleza kwamba hii ndiyo 'awl: kesi ya aina hii ilijitokeza zama za Umar ibn al-Khattab, masahaba wakashauriana, na mafungu yote yakapunguzwa kwa uwiano. Asili ya sita inapanda hadi saba. Mume anapata 3/7, dada wawili 4/7. Katika programu ni kugawa kila fungu kwa jumla ya mafungu. Mistari miwili tu. Mtu aliyekuwa haogopi hesabu lakini anaogopa kompyuta, na mwingine aliyekuwa kinyume chake, wakajikuta wanahitajiana mbele ya skrini moja. Hakuna aliyetaka kuondoka mpaka adhana ya Adhuhuri.

Wiki iliyofuata mmoja wetu alileta programu iliyogawa kwa jumla kila mara, hata mafungu yakiwa pungufu. Tukaijaribu kwa mke na binti mmoja bila mrithi mwingine. Mke ana thumni, binti ana nusu, jumla 5/8. Programu ikampa mke 1/5 na binti 4/5. Makosa! Kwa wanazuoni wanaokubali radd, wengi wao hawamrudishii mke wala mume. Mke anabaki na 1/8 yake, na 7/8 zote ni za binti. Programu ilikuwa imekimbia vizuri bila kutoa kosa lolote, na ilikuwa imemdhulumu mtoto. Tangu hapo tukaanza kila zoezi kwa kuandika majibu ya kesi tatu au nne kwa mkono kwenye karatasi, kisha ndipo tunaandika msimbo na kuulinganisha. Wataalamu huita hilo kuandika majaribio. Nimeona wanafunzi wa mwaka wa tatu wasiolifanya.

(Programu ile hatukuitoa nje, na mkiombwa na familia msiitoe. Ni zoezi. Mirathi ya watu inapelekwa kwa sheikh mwenye elimu hiyo na kwa mahakama.)

Sasa mambo ya uendeshaji. Mengine nitayapitia haraka.

Intaneti si sharti. Faili la kusakinisha Python kwenye Windows halifiki megabaiti 30, na nyaraka zake zote rasmi zinaweza kupakuliwa zikasomwa bila mtandao. Tuna flashi tatu zinazozunguka zenye vitu hivyo. Unaposakinisha kwenye Windows, weka alama kwenye kile kisanduku kidogo cha PATH kilicho chini ya dirisha la kwanza. Nusu ya "kompyuta yangu haitaki" tulizopokea zilitokana na kisanduku hicho. Asiye na laptopu anatumia Pydroid 3 kwenye simu ya Android. Ni kazi ya kuchosha vidole, lakini mmoja wa waliokuwa bora kwetu alijifunza hivyo muhula mzima. Na umeme ukikatika, tunaendelea na karatasi: mmoja anasoma mistari, mwingine anakuwa kompyuta na kusema kila kibadilika kina thamani gani sasa. Ajabu ni kwamba lupu wengi wamezielewa siku za giza.

Lugha. Hili nalitilia mkazo kuliko intaneti. Sisi tunafundishwa kwa Kifaransa, maneno ya Python ni ya Kiingereza, nyumbani tunasema Kirundi, na wengi wetu wa Buyenzi tunaota kwa Kiswahili. Kwa muda mrefu nilidhani ni heshima kufundisha kwa Kifaransa cha darasani. Matokeo yake mtu alikuwa anatafsiri mara mbili kabla hajafikiri mara moja. Sasa anayeeleza anaeleza kwa lugha yoyote iliyo mdomoni mwake, na vibadilika tunavipa majina yetu: deni, bei, mume, fungu. Python 3 haijali. Lakini ujumbe wa kosa hatuufichi wala hatuutafsiri haraka. Tunausoma kwa sauti kama ulivyo, tukianzia mstari wa mwisho, kwa sababu hapo ndipo sababu inapoandikwa. Mtu aliyesoma NameError mara ishirini hahitaji tena Kiingereza kuielewa.

Muda. Mwanzoni tulikutana baada ya Isha, nami nilijisifu kwamba hakuna anayekosa. Dada walikosa wote, na sikuona mpaka niliposhtuliwa. Usiku, mafuta yalipoadimika mjini na mabasi kupungua, ni nani angemrudisha dada anayeishi mbali? Kaka mmoja alisema dada wangepewa siku yao peke yao. Dada wenyewe walipoulizwa walikataa, wakasema siku ya pili haitakuwa na projekta wala walimu, na walisema kweli. Tukahamia Jumamosi, baada ya kazi za maendeleo za asubuhi, mpaka Adhuhuri. Tunakaa pande mbili za chumba, mlango wazi, na katika mirathi yule yule dada wa Sheria ndiye mwalimu wetu.

Palikuwa na ubishi mwingine uliotusumbua zaidi: je, kikundi kiwe cha jumuiya yetu tu, na kikutane kwenye uwanja wa msikiti? Walioshikilia hivyo walikuwa na hoja. Msikitini hapana kuomba ruhusa ya chumba, na adabu inalindwa. Mimi nilipinga, na bado napinga. Katika wale wanane wa mwanzo wawili hawakuwa Waislamu, na mmoja wao ndiye aliyetufundisha kusoma faili za CSV. Chuo ni cha wote. Tulifanya shura, tukaamua kikundi kiwe cha chuo, kisimamishe kikao kwa ajili ya swala, na kiwe na kanuni za mwenendo zilizoandikwa kwenye ukurasa mmoja. Kanuni hizo zina faida nyingine: Python Software Foundation, taasisi iliyoundwa mwaka 2001 kuitunza lugha hii, imekuwa ikitoa ruzuku kwa mikutano na vikundi duniani, nayo hutaka kuona kanuni za mwenendo kwanza. Lakini msiweke kikundi chenu juu ya ruzuku. Mwaka 2025 taasisi hiyo ilisimamisha ruzuku kwa sababu ya upungufu wa fedha, na sisi hatukuhisi kitu, kwa kuwa gharama yetu ni chaki na mandazi.

Anayetaka kuona kwamba jambo hili halikuanzia kwetu atazame jirani. PyCon Africa ya kwanza ilifanyika Accra mwaka 2019, na DjangoCon Africa ya kwanza ilifanyika Zanzibar mwaka 2023. Zanzibar, ambako swali lingeweza kuulizwa kwa Kiswahili.

Nimalizie na amana, maana hapo ndipo nilipoanguka. Sasa kuna daftari la karatasi, la mistari, na kila faranga inaandikwa mbele ya watu wawili wanaotia saini. Mwisho wa mwezi ukurasa unapigwa picha na kuwekwa kwenye kundi. Akaunti zote zina wasimamizi watatu, na angalau mmoja lazima awe wa mwaka wa kwanza au wa pili, ili wakubwa wakimaliza chuo kusibaki mlango uliofungwa na funguo zikiwa Gitega au Ulaya. Uongozi ni muhula mmoja. Katika muhula huo kiongozi anaendesha vikao vya mwezi wa kwanza, mwezi wa pili anaendesha na mrithi wake, na baada ya hapo anakaa nyuma na kujibu akiulizwa tu. Kukaa nyuma kulinishinda mara mbili. Nilikuwa nikiona mtu anaeleza lupu vibaya, mdomo unaniwasha, na mweka muda ananitazama.

Mimi nimebakiza muhula mmoja. Mwezi uliopita nilijaribu kuingia kwenye akaunti ya GitHub nirekebishe zoezi la zaka, nikakuta neno la siri limebadilishwa. Nikampigia katibu, kijana wa mwaka wa pili. Akaniomba radhi, akasema wamelibadilisha kikaoni kwa mujibu wa kanuni tuliyoiandika wenyewe, na kama nina marekebisho niyalete Jumamosi.

Nikayapeleka Jumamosi.