Moyo Ukikauka, Nenda Mazoezini



Wadogo zangu, wengi wenu mnaniuliza jambo moja kwa maneno tofauti. Ibada hukosi, sala unasali, lakini ndani kukavu. Unasoma Zaburi macho yanapita tu. Unajiuliza kama Mungu amekuacha au wewe ndiye uliyemwacha.

Mdogo wangu, jiunge na kwaya. Usiishie kuisikiliza redioni. Nenda ukaimbe na watu.

Nikueleze kwa nini. Ukisali peke yako chumbani, sala inategemea nguvu ulizonazo siku hiyo. Zikiisha, nayo imeisha. Sasa njoo mazoezini jioni uone. Mnafika mahali sauti inatakiwa ivutwe muda mrefu kuliko pumzi ya mtu yeyote. Mwalimu anawaambia, "Msipumue wote kwa pamoja, pokezaneni." Basi wewe unanyamaza kidogo, unavuta pumzi, na jirani yako wa alto anaishikilia. Unarudi taratibu, naye anapumua. Waliokaa kwenye mabenchi hawasikii pengo lolote. Na imani hubebwa hivyohivyo: siku ambayo huwezi kuomba, wenzako wanaomba, na nafasi yako ya kuingia tena bado ipo.

Hata miili yetu inalijua hili. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Uswidi, walipima mapigo ya moyo ya vijana waliokuwa wakiimba pamoja. Waliona mapigo yao yakiongezeka na kupungua kwa pamoja, kwa kuwa wimbo unawapangia watu namna ya kupumua.

Usiniambie huna sauti. Ukumbuke wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya", ambao Bernard Kyamanywa aliuandika mwaka 1966 akiwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, karibu na Arusha, kwa lahani ya Kihaya. Leo unaimbwa hadi Ulaya na Marekani. Una kiitikio, kwa hiyo hata asiyejua beti ana mahali pa kuingilia. Wewe anzia kwenye kiitikio.

Ukifika, mwambie mwalimu wazi kwamba ni mgeni na hujui sauti yako. Atakupima kwa do, re, mi, ajue akupeleke soprano au alto. Kaa karibu na mama aliyezoea, umsikilize yeye kabla ya kujisikiliza. Rekodi sauti yako kwenye simu ukaifanyie kazi nyumbani wakati unaosha vyombo. Miezi ya mwanzo usitafute kuongoza, jifunze kuitikia.

Na nikuonye mapema: kwaya ina mambo yake. Kuna michango ya sare, kuna wanaogombea kipaza sauti, kuna manung'uniko kuhusu nani ameonekana kwenye video. Hayo yapo popote penye watu. Kama mchango huna, zungumza na kiongozi faraghani. Usiache kumwimbia Mungu kwa sababu ya kitenge.

Nanyi wadogo zangu Waislamu, mlango wenu mnaujua. Kwenye maulidi ya akina mama mmoja anasoma Barzanji, wengine wanaitikia, kisha zinaingia kasida na matari. Usikae pembeni na simu. Sogea, itikia.

Sikuahidi kwamba machozi yatakutoka siku ya kwanza. Huenda utarudi nyumbani koo linakuuma na umekosea kila mahali. Rudi tena wiki inayofuata, na nyingine. Moyo uliokauka taratibu hulainika taratibu, na hulainika upesi zaidi katikati ya watu wanaojua ukikosekana.

Kwa hiyo Jumapili hii, ibada ikiisha, usikimbilie daladala. Mfuate mwalimu wa kwaya, muulize mazoezi ni siku gani. Akishakutajia siku, nenda.

Dada yenu anayewapenda.