Polisi Wakibisha Hodi: Haki za Mwenye Nyumba Wakati wa Upekuzi

Katika nyumba za Faza, kama ilivyo desturi ya visiwa vya Lamu, mgeni hubisha hodi akangoja nje mpaka akaribishwe. Ndani ni kwa wenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeuweka mpaka huo katika sheria. Ibara ya 31 inasema kila mtu ana haki ya faragha, ikiwa ni pamoja na haki ya kutopekuliwa mwili wake, nyumba yake au mali yake, na kutochukuliwa vitu vyake.

Haki hiyo ina mipaka. Ibara ya 24 inaruhusu haki ipunguzwe na sheria iliyoandikwa, kwa sababu ya maana na kwa kiasi kinachofaa. Kaunti ya Lamu inaijua haja ya usalama: imeishi na operesheni za walinda usalama tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, na operesheni ya Linda Boni iliyoanzishwa Septemba 2015. Lakini operesheni si hali ya hatari, na haisimamishi Katiba. Afisa anayeingia katika nyumba ya mtu Faza anafungwa na sheria ile ile inayomfunga anayeingia katika nyumba ya mtu Nairobi.

Somo hili linaeleza njia mbili ambazo polisi huweza kuingia nyumbani kufanya upekuzi, na la kufanya katika kila njia. Kazi ya mwenye nyumba si kuziba mlango. Kazi yake ni kuuliza, kushuhudia na kuweka kumbukumbu.

Njia ya kwanza: kibali cha mahakama

Hii ndiyo njia ya kawaida. Kifungu cha 118 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinamtaka anayeomba kibali athibitishe mbele ya hakimu, kwa kiapo, kwamba katika nyumba fulani kuna kitu kilichotumika katika kosa au kinachohitajika kwa uchunguzi, au kwamba kuna sababu ya kushuku hivyo. Hakimu akiridhika, anatoa kibali kwa maandishi.

Mwenye nyumba ana haki ya kukiona na kukisoma, au kusomewa na mtu anayemwamini. Mambo ya kuangalia ni haya: ni nyumba ipi iliyotajwa, ni kitu gani kinachotafutwa, na ni mahakama gani iliyotoa kibali. Kibali cha kupekua nyumba ya mtu mmoja hakifungui nyumba ya jirani yake.

Kuna pia suala la saa. Kifungu cha 119 kinasema kibali kitekelezwe kati ya kuchomoza kwa jua na kuchwa kwake. Hata hivyo, mahakama inaweza kuruhusu upekuzi wa saa yoyote kupitia kibali hicho hicho. Kwa hiyo polisi wakija na kibali usiku wa manane, swali la haki ni hili: je, kibali hiki kinaruhusu usiku?

Kibali kikiwa sawa, mwenye nyumba anapaswa kufungua. Akikataa, sheria inawaruhusu polisi kuvunja mlango, na kumzuia afisa aliye kazini ni kosa la jinai.

Njia ya pili: bila kibali

Watu wengi huamini kwamba bila kibali polisi hawawezi kamwe kuingia. Si kweli. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika vifungu vya 57 na 60, inaruhusu upekuzi bila kibali pale ambapo afisa ana sababu ya kuamini kwamba kitu kinachohitajika kiko ndani, na kwamba kungoja kibali kutaharibu uchunguzi. Katika kisiwa ambacho safari ya kwenda mahakamani Lamu ni ya bahari, hoja hii huenda ikatolewa mara nyingi.

Lakini njia hii ina masharti. Afisa anatakiwa kujitambulisha, na kuonyesha kitambulisho chake cha kazi akiombwa na mwenye nyumba. Anatakiwa kuandika sababu zake na maelezo ya kitu anachokitafuta, na kuweka orodha ya alivyovichukua. Kumbukumbu hiyo hupelekwa kwa hakimu, na mwenye nyumba anaweza kuomba nakala. Mtu ambaye hajaridhia upekuzi anaweza kusema kwa sauti ya adabu na mbele ya mashahidi: "Sikubali, lakini sitawazuia." Maneno hayo yanamlinda asije akaambiwa baadaye kwamba alikubali kwa hiari.

Heshima ya wanawake na watoto

Kifungu cha 27 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinasema mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia heshima kamili. Kama hakuna afisa wa kike, familia ina haki ya kutaka aitwe.

Wengi hawajui kwamba sheria hiyo pia inamtaja mwanamke ambaye kwa mila hatoki mbele za watu. Kifungu cha 22, kinachohusu kuingia mahali kumkamata mtu, kinamtaka afisa amjulishe mwanamke huyo kwanza kwamba yuko huru kuondoka chumbani, na ampe nafasi ya kufanya hivyo kabla ya kuingia. Kuomba dakika chache ili wanawake wajistiri na watoto watolewe, basi, ni kuomba jambo ambalo sheria yenyewe inalijua.

Simu, vyombo na vitu vinavyochukuliwa

Ibara ya 31 inalinda pia mawasiliano. Kuichukua simu ni jambo moja; kuyafungua yaliyomo ni jambo jingine. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 kinaelekeza polisi waombe kibali cha mahakama ili kupekua data iliyohifadhiwa.

Baharini mambo ni tofauti kidogo. Sheria inawapa polisi nafasi pana zaidi ya kusimamisha na kukagua chombo wanachokishuku, iwe mashua au boti ya mashine. Nahodha asidhani kwamba masharti yote ya nyumba yanamfuata mpaka mkondoni. Hata hivyo, kujua jina la afisa na kupata orodha ya vilivyochukuliwa ni muhimu huko pia.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla polisi hawajaondoka, familia iombe orodha ya kila kitu kilichochukuliwa, pamoja na nambari ya mashine au ya simu na kiasi cha pesa, na iombe itiwe saini. Wakikataa, familia iandike orodha yake siku hiyo hiyo, na mashahidi watie saini.

Mtu akikamatwa

Ibara ya 49 inamtaka afisa amweleze aliyekamatwa sababu, mara moja na kwa lugha anayoielewa. Aliyekamatwa ana haki ya kunyamaza, kuwasiliana na wakili na watu wengine wa kumsaidia, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha nje ya saa za mahakama, atafikishwa siku ya mahakama inayofuata. Hata mshukiwa wa ugaidi hafichwi: polisi wakitaka kuendelea kumzuilia, ni lazima waiombe mahakama. Jamaa waulize anapelekwa kituo gani, kisha wafuatilie.

Kesi moja iliyofika mahakamani

Tarehe 2 Februari 2018, polisi walivamia nyumba ya wakili na mwanasiasa Miguna Miguna mtaa wa Runda, Nairobi, wakaiharibu na kumkamata, siku chache baada ya kiapo cha Raila Odinga katika bustani ya Uhuru. Alizuiliwa kwa siku kadhaa, kisha akasafirishwa hadi Kanada. Alikwenda mahakamani. Tarehe 14 Desemba 2018, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba haki zake zilikiukwa, akaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 7, na shilingi 270,000 zaidi kwa uharibifu wa nyumba.

Mtu aweza kumpenda au kumchukia mwanasiasa huyo. Somo ni lile lile. Mahakama iliipima kazi ya polisi kwa Katiba, si kwa jina la mwenye nyumba. Na fedha za mlango uliovunjwa ni hasara ambayo mahakama hutaka ithibitishwe. Picha za mlango, kufuli na kabati, zilizopigwa kabla ya fundi kuitwa, pamoja na risiti za matengenezo, ndizo ushahidi.

Baada ya upekuzi

Familia inayoona imekosewa ifanye haya mapema:

1. Iandike tarehe, saa, majina au nambari za maafisa, nambari za magari au boti, na maneno yaliyosemwa.
2. Aliyeumizwa aende hospitali siku hiyo hiyo na atunze karatasi za matibabu.
3. Iandikishe malalamiko kituoni na ichukue nambari ya OB.
4. Ipeleke malalamiko kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, kwa simu ya bure 1559.
5. Ikibidi, iende Mahakama Kuu. Iliyo karibu na Lamu ni ya Garsen. Ibara ya 22 inasema hakuna ada ya kufungua kesi ya kutetea haki za Katiba, na mtu anaweza kufungua kwa niaba ya asiyeweza.

Jambo moja lieleweke. Ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki hautupwi wenyewe. Ibara ya 50(4) inasema utakataliwa ikiwa kuupokea kutafanya kesi isiwe ya haki au kutadhuru utoaji wa haki. Ni lazima mtu aseme mbele ya hakimu kwamba ulipatikana vibaya, na aeleze vipi. Ndiyo maana kumbukumbu zina thamani.

Polisi ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Hata hivyo, sheria ya 2011 imeunda Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, ambayo mwenyekiti wake ni gavana. Malalamiko ya mtaa mzima yanaweza kufikishwa huko, pamoja na kwenye baraza la chifu.

Maswali ya kujadili barazani na katika vikundi

1. Polisi wamekuja saa nane usiku na kibali kisichotaja saa. Mwenye nyumba aulize nini?
2. Afisa anasema hana kibali kwa sababu Lamu ni mbali. Ni masharti gani anayopaswa kutimiza?
3. Katika familia, nani atakayeandika orodha, na nani atakayekaa na watoto?