Chupa Kavu Ina Mnunuzi

Soko la ndizi limeifanya Mabibo, Dar es Salaam, kuwa na taka nzito zenye majimaji: maganda, mikungu, majani ya mgomba, matunda yaliyooza. Hizo peke yake zingeoza zikawa mbolea. Tatizo ni kuzitia kiroba kimoja na chupa za maji. Chupa ambayo mnunuzi wa makopo angeipima kwa kilo, ikishalowa uchafu, haina bei tena. Itapanda gari la taka hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, au mvua ikiwahi, itaingia mtaroni na kuteremka Bonde la Msimbazi.

Basi anzeni na viroba viwili uani, kimoja cha mabaki ya chakula, kingine cha plastiki kavu. Chupa isuuzwe kwa maji yaliyobaki baada ya kuosha vyombo, ianikwe, ibonyezwe, na kifuniko kikae kando. Kifuniko ni plastiki ya aina nyingine. Ukitaka kuhakikisha, kata kipande cha chupa ya maji na kipande cha kifuniko, uvitumbukize kwenye ndoo ya maji: cha chupa kitazama, cha kifuniko kitaelea. Hata viwandani hutumia njia hiyo kuzitenga.

Kwa vyombo vingine, geuza kitako utafute namba ndani ya pembetatu. 1 ni chupa za maji na soda, 2 ni madumu magumu, na 5 mara nyingi ni ndoo na viti. Ziwekeni kwa mafungu, maana mnunuzi huzitofautisha. Dumu lililokuwa na dawa ya wadudu lisitiwe maji ya kunywa, hata likioshwa mara ngapi.

Mifuko laini ndiyo inayosumbua zaidi. Haina uzito, huchafuka upesi, na wanunuzi wengi hawaitaki. Rambo, yaani mifuko ya plastiki ya kubebea, zilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu 1 Juni 2019 (Zanzibar walitangulia mwaka 2006), na anayekutwa nayo anaweza kutozwa faini ya kuanzia shilingi 30,000. Lakini vifungashio vya bidhaa viliachwa, ndiyo maana vifuko vyepesi visivyo na mishikio bado vimejaa sokoni. Dawa yake ni kutovipokea. Nenda na kikapu. Mafuta ya kula nunua ya kupima, kwa chupa yako safi iliyokauka. Wapo wanaoyaona mafuta ya kupima kuwa ni ya watu wa kipato kidogo. Mimi nayaona ni mpango bora kuliko matangazo mengi ya mazingira, kwa kuwa chombo kimoja kinafanya kazi mwaka mzima.

Vifuko ambavyo vimeshaingia ndani, wengine huvishindilia kwenye chupa hadi iwe ngumu kama tofali. Si vibaya kwa kigoda au ukingo wa bustani, mradi ifunikwe kwa udongo au saruji, kwa sababu jua huimumunyua plastiki ikawa vipande vidogo. Kule Lamu mafundi waliunda jahazi zima la plastiki iliyookotwa, Flipflopi, likazinduliwa mwaka 2018. Uani kwetu, dumu lililokatwa likapandwa mchicha linatosha.

Msiwashie jiko la mkaa kwa kipande cha mfuko. Moshi wake una sumu, na wa kwanza kuuvuta ni anayepepea jiko pamoja na mtoto aliye mgongoni. Mabomba na nyaya ni hatari zaidi, kwani mara nyingi plastiki yake ina klorini, nayo ikiungua hutoa sumu iitwayo dioksini. Vifuu vikavu na makaratasi vinawasha vizuri tu.

Jambo la mwisho ni la wapangaji: kabla kiroba cha kwanza hakijajaa, kaeni na mama mwenye nyumba mkubaliane nani atauza na hela itakwenda wapi. Nyumba nyingine huiingiza kwenye ada ya taka ya mwezi. Nyingine humwachia kijana mwokota makopo anayepita, kwa sharti kwamba asimwage kiroba cha maganda.