Dondoo muhimu: Bunduki zikilia ukiwa Kolwezi

Mei 13, 1978 waasi wa kundi la FNLC waliuteka mji wa Kolwezi, kusini mwa Kongo ya leo. Askari wa miamvuli wa Ufaransa walitua kuokoa watu Mei 19. Katika siku hizo, mamia ya watu waliuawa, Wakongomani na wageni. Kwa hiyo wewe dereva au fundi uliyetoka Tanzania, Kenya au Zambia, jipange ukijua kwamba msaada unaweza kuchelewa.

Maji kwanza. Ukisikia milio, jaza ndoo na madumu yote papo hapo, maana umeme ukikatika pampu nayo husimama. Kisha hamia chumba kisichotazama barabara, ulale chini, mbali na madirisha. Usichungulie.

Lori si roho yako. Shaba uliyobeba ina mwenyewe. Ukinyooshewa bunduki, acha funguo, shuka taratibu, mikono ionekane. Nasisitiza: usibishane.

Karatasi. Pasipoti, na viza kama unayo, viwe mwilini, nakala zake kwa tajiri wako na kwa mtu wa nyumbani. Weka pia faranga za Kongo kidogo kidogo, mifuko tofauti. Jiandikishe mapema kwenye ubalozi wa nchi yako; Watanzania wana ubalozi mdogo Lubumbashi.

Simu. Usipige picha za askari, mgodi wala daraja. Sikiliza Redio Okapi, inatangaza pia kwa Kiswahili.

Kuondoka. Usikimbilie Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kabla ya kuuliza madereva waliotoka huko leo. Kukwama usiku kwenye foleni ya malori ni hatari kuliko kubaki ndani.