SOMO KWA WATUMISHI NA WAKAZI: Namna Kompyuta Zinavyopewa Maelekezo ya Mtandao

Watumishi wa umma na wakazi wanaotumia kompyuta zilizounganishwa na mtandao wanafahamishwa kwamba anwani peke yake haitoshi kuiwezesha kompyuta kufanya kazi. Kompyuta inapaswa pia kujua mipaka ya mtandao wake, mlango wa kutokea nje na mahali pa kuulizia majina ya tovuti. Maelekezo hayo hutolewa kwa utaratibu uitwao DHCP. Somo hili laeleza namna yanavyofika, na madhara yanayotokea yanapotolewa na asiyehusika.

1. Asili ya utaratibu

Mwaka 1985 ulianzishwa utaratibu wa BOOTP, ambao ulimlazimu fundi kuorodhesha kila mashine mapema. DHCP ilitangazwa Oktoba 1993 ili kuondoa usumbufu huo. Toleo ambalo ndilo msingi wa matumizi ya leo lilitolewa Machi 1997, likiwa limeandikwa na Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell, Marekani.

2. Namna maelekezo yanavyopitishwa

Ichukuliwe mfano wa ofisi katika Kata ya Kibuta, Wilaya ya Kisarawe, yenye kompyuta kumi na ruta moja. Kompyuta inapowashwa hupaza mwito kwa vifaa vyote vya mtandao huo, ikitaja namba za maelekezo inayoyahitaji. Seva ya DHCP, ambayo mara nyingi imo ndani ya ruta, hujibu kwa kutoa anwani. Kompyuta huiomba rasmi anwani hiyo, na seva huthibitisha.

Maelekezo hubebwa katika vipengele vyenye namba. Namba 1 hutaja mipaka ya mtandao, namba 3 anwani ya ruta, namba 6 seva ya majina, na namba 51 muda wa kuazimwa anwani. Kila kipengele huandikwa kwa namba yake, kisha urefu, kisha habari yenyewe. Hivyo ruta yenye anwani 192.168.10.1 huandikwa: 3, 4, 192, 168, 10, 1. Namba 255 huonyesha kwamba orodha imekwisha.

3. Faida ya muda wa kuazimwa

Nusu ya muda ikipita, kompyuta huomba kuongezewa, na hapo hupokea maelekezo mapya. Muda ukiwa saa 8, badiliko la seva ya majina huzifikia kompyuta zilizowashwa katika saa 4 hivi, bila fundi kupita meza kwa meza. Muda ukiwa siku 8, badiliko hilo laweza kuchukua siku 4.

4. Hatari iliyopo

Kwa kawaida kompyuta haimdai anayejibu uthibitisho wowote. Nyingi huchukua jibu la kwanza. Mtumishi akichomeka ruta ya nyumbani kwenye waya wa ofisi, kifaa hicho chaweza kuanza kugawa anwani na mlango usio sahihi. Kompyuta itaonyesha kwamba imeunganishwa, lakini mifumo ya malipo na kumbukumbu haitafunguka, na mwananchi aliyefuata huduma atarudi mikono mitupu. Mwenye nia mbaya aweza kutaja seva ya majina ya uongo na kuwaelekeza watu kwenye tovuti bandia. Aidha, Mei 2024 watafiti walionyesha kwamba kipengele namba 121, kinachotaja njia za kupitia, chaweza kutumiwa kuyatoa mawasiliano nje ya njia ya siri ya VPN.

5. Mambo ya kuzingatia

(a) Kifaa chochote cha mtandao kisichomekwe ofisini bila fundi kuarifiwa.

(b) Kwenye kompyuta za Windows, amri ya ipconfig /all huonyesha seva ya DHCP iliyotoa maelekezo. Anwani hiyo ilinganishwe na ile iliyoandikwa na fundi.

(c) Zikitofautiana, kifaa kigeni kitafutwe na kuondolewa kwanza, ndipo amri ya ipconfig /renew itumike.

(d) Penye swichi zinazowezesha, fundi aruhusu majibu ya DHCP yatoke katika tundu la seva halali tu.

Wakuu wa ofisi wanashauriwa kuhifadhi katika jalada karatasi yenye anwani ya ruta, ya seva ya DHCP na ya seva ya majina, ili hitilafu itambuliwe mapema kabla huduma haijasimama.