Jasho la mnyonge kwenye barabara kubwa: Nani anamkopesha nani?

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunalikanyaga kila siku kwa miguu yetu bila kulifikiria. Unapopita njia ya waenda kwa miguu kando ya barabara ya mabasi yaendayo haraka, au unapovuka mtaro uliofunikwa vizuri kwa zege, ujue kuna mtu aliyeifyatua ile zege. Bango la mradi limeandikwa jina la mkandarasi mkuu, la mhandisi mshauri na la mfadhili. Aliyefyatua zege hayumo.

Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu sekondari, na jioni nasomesha muamalat msikitini. Sikuwa na sababu ya kufuatilia habari za zabuni mpaka zilipoingia nyumbani kwetu.

Kaka yangu ana kiwanja cha kufyatulia matofali Mbagala. Miaka michache iliyopita alipata kazi kwa kampuni moja iliyokuwa chini ya mkandarasi mkuu wa barabara kubwa hapa jijini. Kampuni hizo sitazitaja. Kazi ilikuwa kufyatua na kupanga zile zege ndefu za kingo za barabara. Alihitaji mtaji wa saruji na kokoto, nami nikatoa akiba yangu ya shilingi milioni tatu kwa makubaliano ya mudharaba, yaani mtaji wangu, kazi yake, na faida tugawane. Mkataba wetu sisi wawili niliuandika mwenyewe, kwa mashahidi, kwa fahari zote za msomi wa chuo kikuu. Mkataba wake na ile kampuni sikuusoma. Ulikuwa karatasi mbili za Kiingereza, na ndani yake mlikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba yeye atalipwa pale kampuni itakapolipwa.

Kazi aliimaliza kwa wiki sita. Malipo ya kwanza yalikuja, kama robo hivi. Baada ya hapo ikawa hati ya malipo iko kwa mhandisi, mara iko wizarani, mara mfadhili hajatoa fedha. Ikapita miezi saba. Usiku mmoja baada ya Isha wakanifuata vijana wanne waliomfyatulia, ambao nao walikuwa wanamdai. Mmoja wao ni mwanafunzi wangu wa darasa la jioni. Akaniuliza mbele ya watu: "Ustadh, lile somo la jasho na ujira, linamhusu na kaka yako?"

Hebu tulitazame swali la kijana huyu kwa makini, maana ndani yake kuna mfumo mzima wa miradi hii mikubwa.

Fedha za mradi zina ngazi. Kila kipindi kazi ya mkandarasi mkuu hupimwa, mhandisi mshauri huidhinisha hati, kisha serikali hulipa. Katika mikataba ya FIDIC ya mwaka 1999, ambayo imetumika sana kwenye miradi ya wahisani, muda uliowekwa wa kulipa hati hizo ni siku 56 tangu mhandisi apokee madai. Muda ukipita, mkandarasi mkuu ana haki ya kudai fidia ya ucheleweshaji (ambayo kwetu sisi ina mjadala wake wa riba, lakini si mada ya leo). Tena mara nyingi hupewa malipo ya awali ya kuanzia kazi. Ana wanasheria, ana benki nyuma yake.

Shuka ngazi mbili chini. Mfyatuaji wa Mbagala hana malipo ya awali. Saruji amenunua kwa fedha yake au ya ndugu yake. Hana siku 56 wala siku 560, ana neno "tukilipwa". Juu ya hapo hukatwa fedha ya zuio, ambayo huachiliwa baada ya kipindi cha matazamio, na kipindi hicho mara nyingi ni mwaka mzima. Kwa hiyo tunaposema kwamba wadogo "wananufaika" na miradi mikubwa, tuangalie vizuri. Kwa miezi saba, mwalimu mmoja wa sekondari, mfyatua matofali mmoja na vibarua wanne ndio walioikopesha kampuni yenye mitambo. Na mkopo huo haukuwa na tarehe ya kurudi.

Kisheria ya dini, jambo hili lina kasoro ya wazi. Wanazuoni wamekubaliana kwamba deni lenye muda lazima muda wake ujulikane, kwa sababu muda usiojulikana huzaa ugomvi. Taasisi ya Kimataifa ya Fiqh iliyo chini ya OIC ililijadili suala la mikataba ya ukandarasi katika kikao chake cha Doha mwaka 2003. Ikaruhusu mkandarasi kumpa kazi mkandarasi mwingine chini yake, na ikaruhusu malipo kucheleweshwa au kugawanywa mafungu, lakini kwa nyakati zinazojulikana. "Tukilipwa" si wakati unaojulikana. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an inahusu kuandikiana deni na muda wake, nasi huisoma Ramadhani na kuifunga. Mimi nilikuwa naisomesha wiki ileile kaka yangu alipotia saini.

Nilipoanza kulifuatilia jambo hili nikakuta kwamba Wamarekani wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 40. Si kila cha Marekani ni cha kuigwa, lakini hapa kuna la kujifunza. Januari 1983 Rais Reagan alisaini sheria ya usafirishaji iliyolenga angalau asilimia 10 ya fedha za serikali kuu za barabara na usafiri wa umma ziende kwa biashara ndogo za watu walioachwa nyuma kijamii na kiuchumi. Mwaka 1987 wanawake wakaingizwa katika hesabu hiyo.

Asilimia hizo zimewaletea kesi nyingi. Iliyo mashuhuri zaidi ni ya kampuni ya Adarand ya Colorado, iliyokuwa inafunga vyuma vya kingo za barabara. Ilitoa bei ya chini kuliko wote, kazi ikapewa kampuni nyingine iliyotambuliwa kuwa ya wanyonge. Mwaka 1995 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema kwamba upendeleo wowote wa serikali unaotazama rangi lazima upimwe kwa kipimo kikali kabisa. Na Oktoba 2025 wizara yao ya usafirishaji iliondoa kabisa ile dhana ya kwamba mtu wa kabila fulani au mwanamke huhesabiwa mnyonge moja kwa moja. Sasa kila mwenye kampuni anatakiwa athibitishe unyonge wake mwenyewe. Hilo ni lao, watalimaliza wenyewe.

Kilichonishughulisha mimi ni kanuni zao za mwaka 1999, ambazo hazizungumzwi sana. Kanuni hizo zinamtaka mkandarasi mkuu amlipe aliye chini yake ndani ya siku 30 tangu yeye alipolipwa, na fedha ya zuio irudishwe ndani ya siku 30 baada ya mdogo kumaliza sehemu yake ya kazi vizuri, bila kusubiri barabara nzima iishe. Tena mradi hauhesabiwi kuwa umempa mdogo kazi mpaka awe ameifanya kweli. Akiwa ni mtengenezaji wa bidhaa, thamani yote ya bidhaa inahesabiwa. Akiwa ni mwenye duka la kawaida la bidhaa hizo, asilimia 60 tu. Akiwa ni jina linalopitishiwa karatasi, hahesabiwi kitu. Kwa kipimo hicho kaka yangu angehesabiwa kwa ukamilifu, maana ile zege ilitoka mikononi mwa watu wake.

Na sisi je? Hatuwezi kusema hatuna sheria. Marekebisho ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2016 yalizitaka taasisi za serikali kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 ikaja sheria mpya, na zabuni zikahamia kwenye mfumo wa NeST. Kanuni za mwaka 2024 zikapandisha kiwango cha zabuni za ujenzi wanazoachiwa wazawa peke yao kutoka shilingi bilioni 10 hadi bilioni 50. Haya ni mambo mema.

Lakini tazama yanavyompita kaka yangu. Kwanza, ana miaka 48. Si kijana, si mzee, si mwanamke na, Alhamdulillah, hana ulemavu. Pili, hakuuziana na serikali, aliuziana na kampuni iliyouziana na kampuni iliyouziana na serikali. Tatu, miradi mikubwa ya mikopo ya Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika huendeshwa kwa taratibu za ununuzi za benki hizo. Na hilo la bilioni 50, makandarasi wetu wana madaraja saba. Wa daraja la kwanza ni mzawa, na wa daraja la saba ni mzawa. Kumfungia mgeni mlango hakumwambii mzawa mkubwa amlipe mzawa mdogo lini. Sijaona kwetu jambo linalohitajika zaidi kuliko tarehe hiyo, iandikwe kwenye mkataba wa mkandarasi mkuu na mwenye mradi aisimamie.

Kuna upande mwingine ambao hauna budi kusemwa, maana si kila siku mnyonge ndiye anayedhulumiwa. Mwaka jana kikundi cha vijana wa msikiti wetu kilichosajiliwa vizuri kilifuatwa na mtu mwenye kampuni. Akataka kutumia jina lao kuombea zabuni za makundi maalumu. Kazi angefanya yeye, fedha zingepita kwao, nao wabaki na asilimia tano ya "asante". Vijana wakaja kuniuliza kama ni halali, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kupanga matumizi.

Niliwasimulia kisa cha Schuylkill Products, kampuni ya Pennsylvania iliyokuwa ikitengeneza mihimili ya zege ya madaraja. Kwa zaidi ya miaka 15 ilichukua kazi kwa jina la kampuni nyingine ndogo iliyosajiliwa kuwa ya wanyonge. Thamani ya mikataba hiyo ilifika dola milioni 136. Wafanyakazi wa Schuylkill walitembea na kadi za kampuni ile ndogo, wakaandika barua kwenye karatasi zake, na wakabandika vibao vya sumaku kwenye magari ili kuficha jina lao halisi. Yule mwenye jina alikuwa analipwa ujira mdogo wa jina lake. Mambo yalipofichuka, walifungwa wa pande zote mbili. Miaka yote hiyo kulikuwa na watu wadogo wa kweli, wenye kujua kazi, ambao fungu lao lilikwenda kwa karatasi.

Nikawaambia kwamba anayeuza jina lake hivyo ametoa ushahidi wa uongo, na amemuuza mwenzake aliye mnyonge kama yeye. Wengi walikubali. Wawili hawakupendezwa na jibu langu, na sasa wanaswali msikiti mwingine.

Tukirejea kwa wenye kazi halali, tangu siku ile nimebadili namna ninavyosomesha. Mtu akija na mkataba, tunausoma pamoja, na kama ni wa Kiingereza tunautafsiri. Tunatafuta tarehe ya malipo. Ikiwa haipo tunaiomba, hata kama ni siku 60, maana 60 ni idadi na "tukilipwa" si idadi. Tunaomba kazi ipimwe na kulipwa kila wiki mbili badala ya mwishoni, na kampuni itoe saruji yenyewe ili mdogo auze kazi yake tu. Wafyatuaji watatu wakienda pamoja husikilizwa kuliko mmoja, na hili tumelijaribu Mbagala. Anayehitaji dhamana aulizie mfuko wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ikiwa amesajiliwa huko, au benki za Kiislamu, kwa kuwa Amana Bank ipo tangu mwaka 2011. Wanawake, vijana na wenye ulemavu wasisahau ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024, na haina riba. Nashangaa mno jinsi Waislamu tunavyolalamikia riba huku fomu zisizo na riba zikibaki ofisi ya kata.

Sasa lile swali la kijana. Nilimjibu palepale kwamba ndiyo, linamhusu kaka yangu. Ujira wa vibarua ni deni juu ya aliyewaajiri. Kwamba naye hajalipwa, hilo ni lake na kampuni, wao hawakuingia mkataba na kampuni. Mwenye dhiki hupewa muda, lakini kaka yangu alikuwa na guta la pikipiki la kubebea mchanga, na mwenye guta si mtu asiye na kitu. Kaka hakusema nami kwa siku kumi. Kisha akaliuza, akawalipa wote wanne, na shemeji yangu ndiye aliyeniletea habari.

Milioni tatu zangu sikuzidai. Hasara ya mtaji katika mudharaba ni ya mwenye mtaji maadamu mwenzake hakuzembea, na kama kulikuwa na uzembe wa kutosoma mkataba, basi tuliufanya wawili, mmoja wetu akiwa na shahada.

Wiki iliyopita kaka alikwenda tena ofisi ya ile kampuni. Wamehama. Mlinzi alimpa namba ya simu.