Somo la Afya: Kombe la Bega Likivunjika

Katika toleo hili tunajifunza kuhusu mfupa usiotajwa sana: kombe la bega, yaani ule mfupa bapa ulio mgongoni, nyuma ya bega. Tumeuchagua kwa sababu pikipiki zimekuwa nyingi vijijini, na majeruhi wa ajali hubisha hodi parokiani kuomba msaada.

Hauvunjiki bure
Mfupa huu umefunikwa na misuli minene, hivyo huvunjika kwa nadra. Katika kila mifupa 100 inayovunjika, haufiki hata 1. Ukivunjika, tujue pigo lilikuwa kubwa: ajali ya pikipiki au gari, au kuanguka kutoka mtini. Pigo hilo mara nyingi huumiza pia mbavu, mapafu, mtulinga, kichwa au shingo. Kwa hiyo majeruhi asikandwe wala kuvutwa mkono nyumbani. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akipumua kwa shida, akikohoa damu, akichanganyikiwa au mkono ukifa ganzi, asicheleweshwe hata kidogo.

Hospitalini
Daktari humchunguza mwili mzima, kisha huagiza picha za eksirei za bega na kifua. Nyufa nyingine hazionekani vizuri kwa eksirei, ndipo huhitajika kipimo cha CT. Wagonjwa wengi hawapasuliwi. Mkono huning'inizwa kwa kitambaa kilichofungwa shingoni, na dawa za maumivu hutolewa. Upasuaji hufikiriwa hasa pale sehemu ya kombe inayopokea mfupa wa mkono inapovunjika na kuachana, au vipande vinaposogea mbali.

Baada ya kurudi nyumbani
Hapa ndipo wengi tunawaacha njiani. Kwa kawaida mfupa huunga katika wiki 6 hivi, lakini bega lililofungwa muda wote huo hukakamaa. Hivyo daktari akiruhusu, mara nyingi baada ya wiki 1 au 2, mazoezi huanza: mgonjwa huinama, huuacha mkono uning'inie, na kuuzungusha polepole. Vidole na kiwiko vichezeshwe mapema zaidi. Kubeba ndoo, kulima na kuendesha pikipiki vingoje ruhusa. Nguvu kamili huweza kuchukua miezi 6 hadi mwaka.

Tunajifunza nini?
Tukiri kosa letu. Mara nyingi tunachanga, tunalipa bili ya hospitali, kisha tunafunga daftari. Nauli ya kwenda kwenye mazoezi haimo katika bajeti. Matokeo yake ni mtu aliyepona mfupa lakini hawezi kuinua jembe, na familia yake inarudi kuomba chakula. Msamaria Mwema hakuishia kufunga majeraha. Alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari 2, akaahidi kulipa zaidi atakaporudi (Luka 10). Alijua kwamba kupona kuna siku za mbele.

Maswali ya kujadili
1. Ajali ikitokea usiku, nani katika kigango chetu anajua gari la kumpeleka majeruhi?
2. Je, mfuko wetu una fungu la nauli ya mazoezi?
3. Nani atamtembelea mgonjwa wiki ya 2, ya 6 na mwezi wa 6?